Kota za Reli Kwenye Meza Tatu

Jumatatu, 2 Septemba

Bati kumi na mbili leo. Zimebaki nane. Nakata kopo la soda, nalinyoosha, nalikwaruza kwa kalamu isiyo na wino, mstari kwa mstari, mpaka linatoa migongo kama bati la kweli. Kidole gumba kimechanika. Si neno.

Hizi ni za kota za reli, zile za nyuma ya stesheni ya Kilosa. Safu mbili, vyumba kumi kumi, kila chumba bati lake. Ziko meza ya kwanza. Meza ya pili ni mashamba na daraja. Ya tatu ni Mikumi: nyasi, wanyama, milima kwa mbali. Reli inapita zote tatu na kurudi.

Treni yenyewe, ya kuchezea, aliiacha mgeni mmoja kwenye nyumba ya wageni ya Bwana Mkude kule Mikumi. Kichwa, mabehewa manne, boksi la reli za kuunganisha. Bwana Mkude akasikia Kilosa kuna mwalimu mstaafu aliyekuwa akifinyanga milima ya karatasi na gundi kufundishia jiografia. Ndiye mimi. Akaniomba nimjengee nchi ya kupita treni hiyo, ikae ukumbini kwake.

Sijawahi kupewa kazi nzuri kuliko hii. Naandika hapa kwa sababu nikisema nje wataniona najisifu. Najisifu.

Alhamisi, 5 Septemba

Shangazi Tatu amekuja kukagua. Miaka thelathini aliuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni. Nimemwamkia, ameitikia huku macho yake yako mezani. Kiti amekikataa.

Bomba la maji liko upande siyo, amesema. Nimemwonyesha ramani. Akaniambia ramani haijawahi kuchota maji.

Nimeling'oa. Nimelihamishia mwisho wa safu ya pili. Yuko sahihi, sasa foleni ya ndoo ina pa kupita. Imeniudhi kidogo. Imenifurahisha zaidi.

Jumamosi, 7 Septemba

Udongo. Mwekundu umetoka Vidunda, kaniletea mwalimu mwenzangu wa zamani kwenye mfuko wa unga. Mweusi wa majaruba ya mpunga ya Tindiga nimeuchota mwenyewe. Nimeanika, nimechekecha kwa chujio la chai, nimenyunyiza juu ya gundi. Rangi ya dukani sijatumia hata tone. Kila mahali pana udongo wake.

Nyasi za Mikumi ni katani. Nimezikata fupi na kuzichovya kwenye chai nzito zipate ule ukavu wa kiangazi. Twiga wamesimama humo utadhani wanasikiliza kitu.

Jumanne, 10 Septemba

Treni imeanguka darajani mara sita. Kichwa kinapita, behewa la tatu linaruka. Nimelaumu reli. Nimemlaumu mgeni aliyeiacha. Kosa ni langu. Nguzo ya kati imezidi kimo kwa unene wa sarafu. Nimeipiga msasa.

Mara ya saba imepita. Ya nane. Ya ishirini. Nimepiga makofi peke yangu chumbani.

Alhamisi, 12 Septemba

Bwana Mkude amekuja kutoka Mikumi. Kijana wa miaka arobaini hivi, nadhifu, adabu zake zote. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Amezunguka meza mara mbili mikono nyuma. Amesifu daraja. Amechuchumaa kuwatazama twiga mpaka magoti yakalia. Nilikuwa naelea.

Kisha akagusa bati la kota kwa ncha ya kidole.

"Hivi vibanda tuvitoe, Mwalimu. Wageni wangu wanakuja kupumzika, hawaji kuangalia umaskini. Hapa tuweke hoteli, na bwawa la kuogelea la bluu."

Nikamwambia stesheni ya Kilosa haijawahi kuwa na hoteli pale. Akacheka kwa upole, akasema ni mchezo tu, nani atajua. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akaniaga vizuri.

Sikumjibu. Nimesimama pale kama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani. Najionea aibu.

Ijumaa, 13 Septemba

Sijagusa kitu. Nina hasira.

Nilizaliwa chumba namba saba. Babu alitoka Tabora kufanya kazi kwenye gengi la watengeneza reli, baba akairithi sururu yake. Humo ndani tulilala tisa. Mama alipaka chokaa kila Idi, na jirani yetu Mkristo akapaka kila Krismasi, kwa hiyo ukuta wetu ulikuwa mweupe mara mbili kwa mwaka kwa sababu chokaa iliyobaki tuligawana. Vibanda!

Shangazi Tatu ameniuliza nilimjibu nini. Nikasema nilinyamaza. Akafunga khanga yake upya, akasema, "Basi umevibomoa wewe, yeye bado." Akaondoka. Hakunywa hata chai.

Jumapili, 15 Septemba

Nimempigia simu Bwana Mkude. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikwame. Nimeyasoma yote.

Nimemwambia kota hazitoki. Treni ni yake, aje aichukue wakati wowote, nimeshaifunga kwenye boksi. Meza zitabaki kwangu. Nimemwambia waliokaa humo ndio waliotandika reli ambayo treni yake inaiga, na mimi siwezi kujenga reli nikawafuta watu wake.

Akasema amenisikia. Simu ikakatika, sijui ni yeye au mtandao.

Nimeogopa. Ila mgongo umenyooka.

Jumanne, 17 Septemba

Hajapiga. Kazi imeendelea. Kichaa? Labda. Meza bila treni ni kama sahani bila chakula, lakini mikono haitaki kukaa.

Nimeweka watu. Kila mmoja ni mkubwa kama pingili ya kidole, waya ndani, jipsamu nje. Wanawake wanne kwenye bomba. Mpiga chokaa kwenye ngazi. Muuza mayai mwenye ndoo kichwani, mguu mmoja mbele, anakimbilia dirisha. Nimemwita Shangazi amwone. Amemtazama muda mrefu sana. Akasema ndoo yake haikuwa ya bluu. Ilikuwa nyekundu.

Nimepaka nyekundu. Hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, kushinda mabango yote ya darasani. Hata kama haitaonekana na mtu zaidi yetu wawili.

Alhamisi, 19 Septemba

Amepiga. Maneno machache. Kesho anatuma lori la Canter, nije na meza zote na treni. Nimemuuliza kuhusu kota. Akasema tutazungumza Mikumi.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nimepakia gundi, jipsamu, na roho mkononi.

Ijumaa, 20 Septemba

Barabara imetutikisa. Nilikaa nyuma pamoja na meza, nimezikumbatia kama wagonjwa. Shangazi mbele na dereva, anamwamuru apunguze mwendo kwenye kila shimo. Mlima mmoja umepasuka. Kota hazijadondosha hata bati.

Ukumbini nimekuta hoteli ya plastiki imeshanunuliwa, kubwa, mlango wake unakizidi kimo kichwa cha treni. Bwana Mkude amesimama kando yake kama mtu aliyefikiwa na mgeni na hajui amweke wapi.

Nimemwambia kuna nafasi ya nyumba yake ya wageni. Meza ya tatu, Mikumi, pale ilipo kweli, na kwa kipimo kilekile cha vitu vyote. Nikamwonyesha: ukubwa wa viberiti viwili.

"Ndogo sana hiyo," akasema.

"Ndivyo ilivyo ukiitazama kutoka kwenye treni," nikamjibu.

Akaibeba hoteli ya plastiki akaenda nayo ofisini. Nimeziba mlima. Nyumba yake nimeijenga kwa kadibodi kabla ya magharibi, veranda na yote, hata mti wa maua mlangoni. Nimeitendea haki. Sitaki aseme nilimkomoa.

Jumamosi, 21 Septemba

Treni imekwenda tangu saa nne asubuhi. Haijaanguka. Nimehesabu mizunguko mpaka arobaini nikaacha.

Wageni waliwatazama twiga kidogo. Kisha wakahamia meza ya kwanza na hawakubanduka. Walitaka kujua nani alikaa wapi. Shangazi Tatu aliwaeleza, mkono kiunoni, kana kwamba treni ya abiria imesimama na ana dakika kumi za kuuza. Mpishi wa Bwana Mkude akatoka jikoni na aproni yake, akainama, akasema mama yake alizaliwa chumba cha tatu safu ya mbele. Akaniomba ruhusa akakigusa. Mikono yake ilikuwa na harufu ya vitunguu.

Bwana Mkude alisimama karibu na ukuta siku nzima. Jioni, watu walipopungua, akaja na kadi nyeupe na kalamu. Akaniomba niandike majina ya waliokaa kila chumba, kadi zikae mbele ya meza.

Nilijua majina kumi na moja. Shangazi aliyajua yote ishirini.

Nina fahari. Naandika tena ili nilione neno lenyewe. Fahari.

Jumatatu, 23 Septemba

Nyumbani. Chumba cha kazi kitupu, alama za miguu ya meza zimebaki kwenye sakafu. Nimefagia. Nimeng'oa jipsamu kwenye kucha kwa maji ya moto. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Alasiri nimekwenda sokoni, sina haraka. Nimenunua mchicha na nazi. Mama muuza nazi ni mgeni hapa mjini, hanijui. Wakati anafunga mzigo akaniuliza nafanya kazi gani.

Nimesema najenga reli. Akaitikia kwa kichwa, akanipa chenji yangu.