Sala ya Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nilichokificha ni hiki: mzee wa matambiko anayetajwa ukurasa wa mia na kumi na mbili hakuwahi kuwako. Hakuwa na ndevu nyeupe. Hakufa mwaka uliofuata. Aliyemzaa ni mimi na aliyemuua ni mimi.

Nimeandika. Sasa naweza kunywa uji. Umeshapoa.

Miaka thelathini na mitatu nimekaa na jambo hili. Kitabu chenyewe kimo sandukuni, chini ya shuka. Alikiandika Profesa mmoja Mwingereza, aliyekuja Muheza kuchunguza dini ya Wabondei kabla ya misheni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, nikawa mkalimani wake. Alitaka sala ya kale. Wazee walimnyima. Nikampa mimi, nikasema nimeipata kwa mzee. Akaichapa.

Daktari amesema moyo umechoka. Hakusema utachoka hadi lini. Nimefundisha miaka mingi, najua maana ya mtu kuangalia dirisha anapoulizwa swali.

Kesho anakuja kijana wa chuo kikuu. Barua yake ina Kiswahili safi. Anataka kuzungumza juu ya ukurasa huo.

Jumanne, 3 Julai

Anaitwa Elia. Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, miaka ishirini na minne, miwani, shingo nyembamba kama ya jogoo anayekua. Alishuka basi la asubuhi na kikapu cha machungwa ya Muheza. Alinipa shikamoo mlangoni, akanipa nyingine alipoketi, kana kwamba ya kwanza haikutosha. Nilimpenda papo hapo. Sikutaka kumpenda.

Anasoma dini. Si ili awe mchungaji. Anaichunguza, kama wengine wanavyochunguza udongo. Katika tasnifu yake anataka kuonyesha kwamba mababu zetu walimjua Mungu mmoja kabla mzungu hajatia mguu pwani hii. Sura ya tatu nzima inasimama juu ya sala ile. Aliisoma akiwa amesimama:

Mulungu, hatukukuita, umekuja mwenyewe.
Kama umekuja kuchukua, ngoja kidogo.
Maji bado yako jikoni. Ngoja aoge.
Ngoja ale.
Usimchukue na njaa.

Kisha akanieleza maana. Maji ni maji ya mwanzo wa ulimwengu. Jiko ni tumbo la dunia. Njaa ni njaa ya roho. Alieleza vizuri sana. Nilikohoa ili nisicheke. Maji yale yalikuwa katika chungu kilichomeguka mdomo.

Agnesi aliingia na chai, akasikia mwisho wa maelezo. Agnesi ni kitinda mimba wangu, ndiye anayenitunza hapa Pongwe. Ana miaka thelathini na mitano.

"Nyumba hii haina mambo ya matambiko, mwanangu," akamwambia. "Mama yangu yalimponza."

Akatoka. Elia aliniangalia. Nikamwambia chai inapoa.

Alhamisi, 5 Julai

Amekuja jana na leo. Ananisomea sura zake kwa Kiingereza, nami namsahihisha vituo. Anaweka mkato kila anapopumua. Sijafurahi hivi tangu nilipoacha kufundisha.

Leo Haji alitukuta. Haji ni Mpemba, ana duka la karafuu na mchele ng'ambo ya barabara. Tumetaniana miaka ishirini.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo. Nakungoja utangulie."

"Tangulia wewe. Ila huko hakuna ubao wala chaki, utapata tabu."

Akakaa. Akamwangalia Elia na karatasi zake. "Na huyu kijana anasoma dini ipi?"

"Zote," nikasema.

"Zote! Na anasali wapi?"

"Hasomi ili asali, Haji."

Haji alivuta kiti karibu. "Basi ni kama mtu anayekaa jikoni akiandika harufu ya pilau, halafu anakwenda zake na njaa."

Elia alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akafungua daftari akayaandika.

"Ananiandika! Mwalimu, mwambie afute!"

"Mzee Haji, nitaje jina lako?"

"Lahaula! Andika ni mzee mmoja wa zamani, amekwisha kufa."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 7 Julai

Elia ameleta hati. Imeandikwa kwa mashine, mistari sita. Mimi fulani nathibitisha kwamba sala hii niliisikia kwa kinywa cha mzee wa matambiko. Chini kuna nafasi ya sahihi. Mwalimu wake chuoni ameidai, maana Profesa alishafariki na shahidi aliyebaki ni mimi peke yangu. Bila hati hiyo sura ya tatu haitapokelewa.

Anaondoka Jumamosi ijayo.

Nilimwambia aiache, niisome taratibu. Alisema, "Hakuna haraka, Babu." Mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya meza.

Jumapili, 8 Julai

Sikwenda kanisani. Ngazi tatu zimenishinda. Agnesi amekwenda.

Namfikiri Luiza, mke wangu. Alifariki mwaka vita vilipokwisha. Mwaka ule wa Profesa alitengwa na meza ya Bwana. Kosa lake lilisomwa mbele ya watu: alikutwa akifanya mambo ya kishenzi juu ya mtoto mgonjwa. Mwaka mzima alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali mbwa walipopita. Agnesi alikaa naye, mdogo kabisa. Watoto wa wenzangu walimzomea.

Mimi nilikaa mbele na walimu. Nilisoma somo kwa sauti kubwa. Nilikuwa na sauti nzuri.

Luiza hakulalamika. Jioni aliniwekea maji ya kuoga kama siku zote, akayajaribu kwa kiwiko.

Jumatatu, 9 Julai

Nimesema. Nusu.

Nilimwambia Elia hakuna mzee. Sala si ya kale. Ilisemwa mara ya kwanza mwaka uleule aliokuja Profesa.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akatoka nje, akasimama kwenye mchungwa akaipa mgongo nyumba. Nilidhani analia. Nadhani alilia. Sura nzima, miaka miwili ya kazi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini uso unang'aa.

"Kumbe ni wewe, Babu!"

Niliangalia dirisha.

"Uliitunga wewe! Mkristo, mwalimu, lakini unamwita Mulungu kwa lugha ya kwenu. Hili ni kubwa kuliko la kwanza. Naiandika sura upya. Nitaweka jina lako."

Ningeweza kusema neno moja. Alikuwa amenishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nilinyamaza, naye akaondoka na uwongo mpya niliompa bila kufungua kinywa.

Jumatano, 11 Julai

Hati mpya. Mimi fulani ndiye mtunzi wa sala hii.

Elia kamwambia Agnesi. Agnesi kamwambia Haji. Haji kawaambia waliokuja kununua mchele. Leo alasiri amekuja na halua.

"Mtunzi! Miaka yote namsalimu mtu mkubwa bila kujua."

Agnesi amefurahi sana. Ameisoma sala mwenyewe kwa mara ya kwanza, amesimama pale mlangoni, midomo ikienda polepole. Akasema, "Baba, hii ni nzuri. Ungenifundisha nilipokuwa mdogo." Kisha akasema, "Laiti mama angesali namna hii badala ya yale aliyoyafanya."

Halua ilinikwama kooni. Elia alinipigapiga mgongo.

Nayaandika hapa yaliyokuwa. Agnesi alikuwa na miaka miwili. Homa siku ya nne, siku ya tatu hali kitu. Nilitoka shule alasiri nikaja kwa njia ya nyuma. Luiza alikuwa jikoni. Mtoto mapajani, chungu cha maji ya kumwogesha motoni, uji pembeni. Alichovya vidole katika maji, akanyunyiza mlangoni, akatia unga kidogo sakafuni kama mama yake alivyofanya. Akasema maneno yale. Si kwa mizimu. Kwa Mungu, kama mtu anayemzuia mgeni aliyesimama mlangoni asiondoke na kitu cha watu. Sauti haikupanda. Kisha akamwogesha mtoto, akamlisha uji kwa kidole.

Mtoto akala.

Nilisimama nje nikasikia yote. Hakuniona. Nilirudi mpaka barabarani, nikaja upya kwa njia ya mbele nikikohoa.

Profesa alikuja miezi miwili baadaye. Luiza alikuwa benchi la mwisho tayari. Profesa aliniomba sala ya kale nikampa ile. Labda nilitaka maneno yake yawe salama mahali fulani. Labda nilitaka kusifiwa. Kila mwaka nachagua jibu moja.

Profesa aliyaita maneno yale johari. Kwa maneno yaleyale mke wangu alikaa na mbwa.

Alhamisi, 12 Julai

Kifua kibaya. Elia alileta kalamu. Nilimwambia mkono unatetemeka. Unatetemeka kweli.

Agnesi kaniambia nisijisumbue, dole gumba linatosha. Mimi, mwalimu, dole gumba. Tulicheka.

Kesho ni siku ya mwisho. Nikinyamaza kesho, jina langu litakaa chini ya maneno ya Luiza nami nikiwa kaburini, siwezi hata kukanusha.

Ijumaa, 13 Julai

Niliwaita wote wawili wakae. Haji alikuwa anakuja na kahawa, akaona nyuso zetu, akageuka akarudi.

Nikasema: sikuitunga. Ni ya Luiza. Nikawaambia jikoni, chungu, unga, uji. Nikamwambia Agnesi, mtoto alikuwa wewe.

Elia aliweka kalamu chini taratibu sana. "Maji yako jikoni," akasema. "Yalikuwa jikoni kweli."

"Jikoni kweli."

"Na njaa?"

"Alikuwa hajala siku tatu."

Alijifunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika, nikaona ni kicheko na kilio pamoja. "Nimeandika kurasa kumi na nne juu ya njaa ya roho, Babu."

Agnesi alichukua karatasi yenye sala akaisoma tena, safari hii kwa sauti, na sauti ilikuwa ya mama yake. Sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo. Alipofika ngoja ale, akashindwa. Nilimwona akirudi kwenye benchi lile la mwisho, mtoto mdogo, akimtazama mama yake upya. Alilia kwa furaha. Aliufuta uso wangu kwa kanga yake kabla ya kuufuta wake.

Elia aliichana ile hati ya mtunzi. Akaandika nyingine kwa mkono: sala ya Luiza, mama Mbondei, aliyoisali jikoni kwake kwa ajili ya mwanawe. Alisema hajui chuoni wataiweka katika dini ipi. Wakiikataa, ataandika kwa nini wameikataa. Nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka.

Kisha Agnesi akauliza. "Baba, kumbe mama alikuwa peke yake jikoni. Nani alimwona? Nani alikwenda kumsema kwa padre?"

Nilisema nimechoka. Wakanilaza.

Jumamosi, 14 Julai

Elia ameondoka na basi la saa mbili. Shikamoo mbili tena. Nikamjibu marahaba mbili. Haji kampa karafuu za kutafuna njiani, na kumwambia, "Huko chuoni, ukisikia harufu ya pilau, kula."

Nyumba imekuwa kubwa.

Agnesi amekuwa akiimba tangu asubuhi. Ameitoa picha ya mama yake kabatini, ameitundika sebuleni. Hajaniuliza tena.

Jumapili, 15 Julai

Kengele imelia. Agnesi hakwenda. Nilimwomba abaki.

Nilimwambia jibu lake. Maneno machache. Alikuwa anakunja shuka, akaendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo, haikunjiki tena. Akainuka akaenda jikoni. Nilisikia maji yakimiminwa. Wimbo haukuwapo.

Alikaa huko muda mrefu. Kisha akaja na bakuli la uji, wa moto. Akaketi kitandani. Hakuniangalia. Alinilisha kijiko baada ya kijiko, akivipuliza, nami nikala wote, mpaka chini.

Sasa amelala kwenye kiti, mkono wake juu ya mguu wangu. Nje Haji anamnong'oneza mtu asipige kelele.

Naandika niliyomwambia, yasibaki kwake peke yake. Asubuhi iliyofuata sala ile, mtoto akiwa amepona, Luiza akifagia uwanja, nilivaa kanzu yangu nyeupe ya ualimu, nikaenda kwa padre kabla ya kengele ya kwanza. Aliyemsema Luiza ni mimi.