Altezza Kwenye Sauti ya Nne

Jumamosi, 17 Mei

Limewaka! Gari limewaka na bomba jipya, na Chanika nzima imejua.

Tangu asubuhi nilikuwa chini, mgongo kwenye boksi la friji, nachomoa sailensa ya zamani. Kutu tupu. Nimepachika lile bomba nene nililochomelewa juzi njia panda — bomba la maana, mdomo wake unaingia ngumi. Nikakaa, nikakanyaga klachi, nikawasha. Mungu wangu! Ile si kelele, ile ni sauti. Nzito, ya kifuani. Kuku wa jirani wamepanda juu ya simtanki la maji na mpaka naandika hawajashuka.

Tatizo, ilikuwa saa ya mazoezi. Paa la kanisa la kigango linatengenezwa, kwa hiyo kwaya ya mume wangu inaimbia barazani kwetu. Walinyamaza wote. Gozbert akashuka ngazi taratibu na kitabu chake cha nyimbo, kama mtu anayekwenda kupokea maiti. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, mbele ya watu: "Mama Clara, gari lako linaimba chini ya Do."

Chini ya Do! Nikamwambia basi kwaya yake ishuke.

Jumatatu, 19 Mei

Haongei. Leo kamsalimia paka, gari kalipita.

Najua kinachomuuma. Clara alipokwenda chuo tulikubaliana tununue gari. Yeye alitaka Noah, ya kubebea kwaya. Mie nikarudi na Altezza kuukuu, gia za mkono, rangi imebabuka. Noah inabeba watu wanane. Altezza inabeba watu wawili na lawama. Mwaka mzima hajawahi kukaa ndani. Akienda shuleni kufundisha anapanda bodaboda.

Hajui tu. Mie kutwa nipo mapokezi pale zahanati, nasema "kaa hapo, utaitwa". Wanaingia, wanatoka, sijui nani kapona. Gari likipona linakwambia.

Jumamosi, 24 Mei

Ya leo siyaamini mwenyewe.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kinanda cha kwaya kikatoa moshi na kufa katikati ya Utukufu. Bila kinanda wanateleza — ubeti wa kwanza sawa, wa pili wameshuka, wa tatu wako shimoni. Mwenyekiti wao, Mama Gladness, akasema watafute noti kwenye simu. Ikatoka noti moja, halafu tangazo la mikopo. Gozbert akairudisha ile simu kwa vidole viwili, kama samaki aliyeoza.

Nilikuwa nimeinamia boneti nasafisha plagi, najifanya sisikii. Nikaona viatu vya Gozbert.

"Washa."

"Niwashe nini?"

"Gari, Mama Clara. Dakika moja tu."

Nikawasha. Akasimama nyuma ya bomba, macho kafumba, mkono juu. "Kanyaga kidogo. Kidogo! Umepitiliza. Rudi... Hapo! Hapo hapo, usipumue!"

Na kwaya ikaingia.

Sijui nieleze vipi. Wote barazani kwangu, midomo wazi, na gari langu liko chini yao linawashikilia. Mguu uliniuma kwa kukanyaga mafuta na sikuuondoa. Walipomaliza Gozbert alilipiga gari bega — yaani pale juu ya tairi — kama anavyowapiga waimbaji wake. Halafu akashtuka, akaufuta mkono.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya misa tumelala chini ya gari wote wawili. Wote wawili! Analalamika sauti inatetemeka ikikaa muda mrefu. Nimeona ni gasketi ya bomba, imepasuka. Akanishikia tochi.

"Hii ni nini?" Kikombe cha oili. "Na hii?" Shafti. "Inazunguka?" Inazunguka. "Kwa kasi gani?" Hiyo inategemea mguu wangu, nikamwambia. Akaimulika tena. "Kumbe humu mna utaratibu."

Oili imemdondokea kwenye shati la Jumapili. Aliendelea kumulika. Nimeliloweka.

Jumamosi, 31 Mei

Stephano kagoma.

Stephano ndiye besi. Sauti ya nne yote ni yeye, wengine wanachezesha midomo tu. Anafanya kazi machinjioni Vingunguti, kifua kama mlango wa stoo. Leo Gozbert kamwambia asilivute gari kwa sauti yake, alisikilize. Stephano akafunga kitabu.

"Mwalimu, nimeimba sauti ya nne tangu sijaota ndevu. Leo nifundishwe na bomba? Chagua. Mie au Altezza."

Mtu mwingine angejibu hapo hapo. Gozbert wangu hajui kudanganya hata kwa heshima — akafikiri! Akafikiri mpaka Mama Gladness akakohoa. Stephano akachukua kofia yake. Getini akanigeukia: "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na hilo." Akalinyooshea kidole.

Bila yeye wanaimba kama nyumba iliyoibiwa sakafu. Na mie ndani ya nafsi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Walibaki na gari langu tu.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimekata springi. Grinda, miwani, cheche mpaka kwenye kanga. Sasa gari limelala chini, tumbo karibu na mchanga. Zuri! Nimezunguka nalitazama kama bibi harusi wa mtu.

Halafu kiti kimekuja kutoka Keko. Nilimwagiza Romani, fundi wa masofa, anitengenezee kiti cha dereva cha mbio, nikampa na picha. Kaleta kiti cha askofu. Mgongo mrefu, vifungo vya dhahabu, sehemu za kuegemeza mikono za mninga uliochongwa. "Mama, kile cha kwenye picha kilikuwa cha hovyo. Nimekuboreshea." Nikikikalia kichwa kinagusa dari. Naendesha shingo nimeinamisha, kama nasali. Nilitaka kukirudisha, lakini Mama Gladness kakiona, kasema sasa ndiyo gari limefanana na kwaya. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao cha kwaya, barazani kwangu, nawapikia chai mie. Ajenda: gari.

Swali la kwanza, je, gari ni chombo au ni mwanakwaya? Wamebishana mpaka chai ikapoa. Aliyesema chombo akaulizwa mbona chombo kinawekewa kiti cha heshima. Likapita kuwa mwanakwaya. Basi, kama ni mwanakwaya, sare. Kumbe Mama Gladness kashashona! Kitenge cha bluu cha boneti, na vikofia viwili vya vioo vya pembeni. Nikacheka mpaka machozi. Wao hawakucheka.

Swali la pili. Mashindano ya kwaya parokiani ni tarehe 29. Yakiisha, gari likae kigangoni moja kwa moja. Na ili lisiibiwe, lifunguliwe matairi, lipandishwe juu ya matofali.

Juu ya matofali! Gari langu!

Wakanyoosha mikono. Mie sina kura, si mwanakwaya. Nikamtazama Gozbert. Hakunyoosha mkono. Wala hakuwapinga. Alikuwa anachokonoa kifuniko cha kalamu.

Nimemwaga chai iliyobaki.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misa. Funguo ziko kwenye sidiria.

Jumatano, 18 Juni

Kaja jikoni, kasimama mlangoni kama mgeni.

"Niliona wamefurahi," akasema. "Muda mrefu sijawaona hivyo."

"Na mie uliniona?"

Akatazama sufuria. Nikaendelea kumenya ndizi. Nikamwambia lile gari nimelifungua na kulifunga kwa mikono hii, kila nati naijua, na yeye amekaa pale anatazama watu wanalikata miguu.

Akavuta kigoda. "Mama Clara, tangu nianze kufundisha kwaya hii hujawahi kuja mashindanoni. Kila mwaka una zamu."

Nikachukua ndizi nyingine. Mwaka juzi kweli nilikuwa na zamu. Miaka mingine niliziomba.

"Na wewe hujawahi kupanda gari langu," nikasema. Tukatazamana kama watu waliogongana kwenye korido ya ofisi.

Mwishowe akasema atawaambia hapana. Lakini tarehe 29 anaomba niwasaidie, kinanda bado kiko kwa fundi na fundi anasema kesho tangu mwezi uliopita. Nikasema sawa. Litakwenda kwa matairi yake, litarudi kwa matairi yake. Na yeye atakaa mbele, kushoto, mkanda kafunga.

Akauliza kama anaruhusiwa kushika kile kishikio cha juu ya mlango.

Nikamwambia ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 28 Juni

Kawaambia. Mama Gladness kanuna, kitenge kinavaliwa vile vile. Nimebadilisha oili, nimekaza vikazwavyo. Nimeomba ruhusa kazini. Wenzangu wameuliza nina msiba? Nikasema nina kwaya.

Jumapili, 29 Juni

Naandika haraka, nipo ndani ya gari, watu wamenizunguka. Nimejifanya natafuta leseni.

Asubuhi tulitoka vizuri. Kwaya nyuma yetu kwenye kosta, sie mbele. Gozbert ndani ya suti, mikono yote miwili kwenye kishikio. Mie kwenye kiti cha Romani, shingo kwenye kifua. Kitenge tumekikunja nyuma, tutakivisha tukifika. Tulipoingia lami nikaweka gia ya tatu, bomba likafunguka — na Gozbert akacheka! Sijausikia huo mcheko tangu tunaishi chumba kimoja Temeke. "Ongeza," akasema. Mwalimu Gozbert! Nikaongeza.

Geti la parokia lina tuta. Limejengwa na mtu mwenye hasira. Magurudumu ya mbele yamevuka, tumbo likakaa juu, ya nyuma yanazunguka bure. Haliendi mbele, halirudi. Geti limeziba. Kosta nje, kwaya nyingine nyuma yao, honi. Ndani, padre kwenye kipaza sauti anaita kwaya ya kutoka Chanika, tafadhali, jukwaani.

Gozbert hakuhangaika. Akashuka, akafunga vifungo vya koti, akawapanga waimbaji wake kulizunguka gari hapo hapo kwenye tuta. Mama Gladness akavisha boneti na vioo. Majaji wamebeba viti vyao, wamekuja kukaa getini. Gozbert akainua mkono.

"Kanyaga. Kidogo. Hapo! Usipumue..."

Likazima.

Nikazungusha ufunguo. Tik. Tena. Tik. Betri sio, taa zinawaka. Kuna kitu kimegongwa kule chini, na chini hakufikiki.

Stephano yupo. Kaja peke yake, na sare kamili, kasema kaja kuangalia tu. Gozbert kamfuata mbele ya majaji, kavua miwani. "Stephano, nimekukosea. Rudi."

Stephano akasema yeye alishamsamehe mwalimu siku ile ile. Ataimba. Na wakimaliza yeye na wanaume wenzake watalinyanyua gari, kwake ni kama ndama. Ila jambo moja. Akaja mpaka mbele ya boneti, akakunja mikono.

"Shemeji aseme kwanza. Kwa sauti, watu wasikie. Nani besi hapa? Mie au hilo?"

Wote wamenigeukia. Majaji pia. Mmoja kaweka mkono sikioni.

Gozbert kainama dirishani. "Jovina," kasema polepole. Jovina! Si Mama Clara. "Ni maneno tu. Sema tu."

Najua ni maneno tu. Na Stephano ni besi nzuri, kweli kabisa, namsikia kila Jumamosi kupitia ukuta wa jiko. Mkono wa Gozbert uko kwenye mlango wa gari, unaupapasa. Sidhani kama mwenyewe anajua.

Padre kaita tena. Nimeteremsha kioo mpaka chini.

Nitasema ni Stephano. Naangalia tu namna ya kulisema polepole — maana wanataka niseme kwa sauti, na gari liko hapa hapa, linasikia.