Sahihi Yangu Ndiyo Iliyomwangusha Mpwa Wangu

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa kabisa, na usinione mtu mdogo, kwa sababu mtaani kwetu wananiita Injinia ingawa shule niliishia darasa la sita, na mabomba yote ya jengo la halmashauri ya jiji yamepita mikononi mwangu. Mwaka ule choo cha meya kilipoziba, mainjinia watatu wenye vyeti walikimbia na viatu mkononi, maji yameshafika magotini, mimi nikazamisha mkono mmoja tu mpaka begani, jengo zima likapumua, na tangu siku hiyo nawaambia watu kwamba pale halmashauri mimi ni mtu wa ndani.

Sasa nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi simu, anatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, ana akili ambayo sijui aliitoa wapi kama si kwangu, na huyu ndiye aliyeamua kugombea udiwani wa kata yetu. Anasema kule barazani wamekaa madiwani ishirini na nane, wanawake wawili, mlemavu hakuna hata mmoja, waliobaki ni wanaume wa makamo wanaofanana kama waliozaliwa tumbo moja, ndiyo maana mitaro yetu haina mifuniko na ofisi zote za maana ziko ghorofa ya pili, ngazi arobaini, lifti hakuna.

Fomu ilitaka wadhamini kumi wa kata hiyo hiyo, na mtu mmoja anamdhamini mgombea mmoja tu. Mpwa wangu alizunguka wiki mbili, anasukumwa na mama mmoja jirani yetu anayefulia watu nguo, wengi wakakataa kwa kumwogopa diwani aliyepo, akapata tisa, yule mama akiwemo, wa kumi nikawa mimi, nikatia sahihi kubwa iliyokula mistari miwili. Nisichomwambia ni kwamba wiki moja nyuma diwani alinikuta kwa kinyozi, akanishika bega mbele za watu, akasema bila Injinia kata hii haiendi, moyo ukanivimba, nikaisaini fomu yake juu ya boneti ya gari lake. Nilijidanganya kwamba nani atakaa alinganishe makaratasi.

Siku ya mwisho tulienda wote, yeye akabaki chini kwa mlinzi, mimi nikapanda na fomu. Karani akafungua daftari lake, akaniangalia. "Mzee, wewe umeshamdhamini diwani. Hapa wamebaki tisa. Una saa nzima, shuka ukalete mtu mwingine."

Mshauri, sikushuka. Nilimuuliza yule karani kama ananijua mimi ni nani, akasema hanijui, nikamwambia basi tumngoje katibu wa jiji, ni mtu wangu, nikakaa kwenye benchi nimekunja nne, na katibu alipopita nikasimama kumsalimu, akaitazama ovaroli yangu akaniambia mafundi wanapita mlango wa nyuma. Nikamngoja arudi. Hakurudi, dirisha la kupokelea fomu likafungwa.

Nikashuka zile ngazi natafuta la kusema. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, wameipokea?" Nikamjibu kwamba mama wa nguo alikuwa amesaini pia kwa diwani, wameikataa. Hakulia. Alisema tu nimrudishe nyumbani.

Diwani amepita bila kupingwa. Wiki ya tatu hii mpwa wangu hajafungua meza yake ya simu, na yule mama akibisha hodi hafunguliwi, mtaa mzima unamwita msaliti, wateja wamechukua nguo zao. Jana mama huyo alikuja kwangu, hasomi vizuri, akasema, "Fundi, labda nilitia sahihi kitu nisichokijua. Umri huu." Nami nikamjibu hutokea, mama.

Je, nikae kimya tu, miaka mitano ipite, halafu nimpeleke mwenyewe kwa meya wampe kiti? Au nikisema nitakuwa nimeongeza kidonda? Mwenzako sioni njia.

Injinia

JIBU

Injinia, nakuonea huruma, lakini si kwa ile sahihi. Mtu akishikwa bega mbele za watu huvimba, wengi tumevimba. Huruma yangu ni kwa ile saa nzima. Mpwa wako alikuwa ngazi arobaini chini yako, anangoja, na kilichohitajika ni mtu mmoja wa kata. Ukaitumia saa hiyo kumsubiri katibu akutambue.

Tena ona jambo hili. Dirisha lile lingekuwa chini, angemsikia karani kwa masikio yake, na kwa jinsi alivyozunguka wiki mbili, huyo wa kumi angempata. Hicho ndicho alichotaka kwenda kukisema barazani. Sasa hakuna wa kukisema, kwa miaka mitano, na mimi sina dawa ya hilo. Wala wewe huna. Meya humjui, bwana, unakijua choo chake.

Unaniuliza kama utaongeza kidonda. Kila siku unayonyamaza, mwanamke asiye na kosa anaitilia shaka akili yake mwenyewe, nawe jana ukamsaidia kuitilia shaka.

Leo, kabla jua halijazama, mfuate mama wa nguo, mwende pamoja mpaka kwa mpwa wako. Sema mbele yao wote wawili: mimi ndiye niliyesaini mara mbili, nikapewa saa nzima nikaipoteza, nikakusingizia wewe mama. Usitie neno la diwani wala la kinyozi. Kisha pita kwa wale wadhamini wengine mmoja mmoja, na kwa kila mteja aliyechukua nguo zake, useme hivyo hivyo. Ukimaliza, andika barua halmashauri kudai dirisha la fomu lishushwe chini, uitie jina lako, lakini mpwa wako aisome kwanza kama atakubali kuishika karatasi iliyotoka kwako.

Huenda asikubali. Huenda akakuangalia tu, asikuite mjomba tena, na dada yako akawa upande wake. Usijitetee, wala usimwombe akuhurumie. Mgeukie yule mama umwombe radhi mpwa wako akisikia, halafu uwaache wawili hao wazungumze, wewe utoke nje.