Tangazo la Pampu Isiyo na Jina

Mado, mjukuu wangu, mimi kambo wako, babu yako, nimeficha jambo moja miaka yote hii, na sasa pumzi zinaniishia. Huku mjini Likasi wote wazima. Dada yako amejifungua mapacha.

Umeuliza manispaa ilithubutuje kununua pampu iliyobuniwa hapa mjini. Zahanati yetu ya mlimani haikuwa na maji. Desturi yetu wanunuzi wa manispaa ilikuwa kunakili jina la pampu kutoka katalogi ya ng'ambo. Safari hii kwenye tangazo la zabuni niliandika kazi ya pampu tu: ipandishe maji mlimani, vipuri vipatikane sokoni. Mchomeleaji mmoja akaja akicheka: "Patron, leo mumetufungulia mulango. Miye niko na pampu yangu mwenyewe."

Maji yalipotoka, wauguzi walicheza matopeni, nami nikaitwa mwenye maono.

Ukweli ni kwamba ukurasa wa katalogi wenye jina la pampu nilikuwa nimeutumia kufungia samaki wa ziwa Tshangalele.