Dume Mwekundu wa Falk

Plauen, Alhamisi

Mdogo wangu Falk,

Pokea salamu zangu, na uwagawie Wiebke na watoto, ambao mimi shangazi yao nimewaona kwenye picha mbili tu. Natumai barua hii inakukuta mzima, na baridi ya huko Kiel haijakurudishia kile kikohozi chako cha utotoni. Nikikuuliza hali nauliza kweli, si kwa desturi. Mimi mwili ni mzima. Nimekula leo, nimelala kidogo, nimewalisha samaki. Zaidi ya hapo sina cha kujisifia.

Jibu lako nilipewa na Wiebke Jumatatu, nilipopiga simu kuwaarifu kwamba baba amefariki. Aliona haya kulisema, maskini, mpaka nikambana. Kwamba huji kumzika, kwa kuwa aliyekufukuza akiwa hai hajakualika akiwa maiti. Sikukasirika, Falk. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mpaka mfagizi mmoja akaniletea kahawa yake mwenyewe. Ulichosema si kweli, na duniani anayejua kuwa si kweli ni mimi peke yangu. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho, ndiyo maana naandika.

Moyo ndio uliomwangusha. Alilazwa wiki tatu, miguu imejaa maji, ulimi wake ukali ule ule. Kila nikiingia aliuliza kwanza kama nimebadilisha maji ya matangi, halafu wangapi wamezaliwa. Siku moja nilimwambia aache samaki, apumzike. Akanijibu, “Anayekufa ni mimi, Ines, siyo wao. Nenda kabadilishe maji.”

Sasa niruhusu nirudie unayoyajua, kwa sababu hujawahi kuyaona kutoka pale niliposimama mimi.

Unakumbuka wale gapi, samaki wadogo weusi wenye mkia mpana. Uzao wao baba aliuanza mwaka aliomwoa mama, na hata chama cha wafugaji wa samaki kiliwaita Weusi wa Gerlinde, kwa jina la mama. Mama alipokufa, aliteremka chumba cha chini akakaa mbele ya matangi siku nzima, na sisi hatukuthubutu kumwita kula. Majike wadogo aliwatenga na madume kabla hawajafika wiki ya nne, kwa kuwa samaki hawa wanaozaa watoto hai, jike akiguswa na dume mara moja tu anabeba mbegu yake miezi mingi, akizaa tena na tena hata dume akiwa ameshakufa. Tangi la majike hao aliliita bweni la wasichana. Mwaka ulipofukuzwa walikuwamo kumi na wawili, na wale mama zao walikuwa wamezeeka, hawazai tena. Uzao wote ulikuwa mle bwenini.

Wewe chumbani kwako ulikuwa na tangi lako la kila rangi, wekundu, wa madoadoa, na baba aliliita soko. Ukawa unamtania kila siku, “Baba, mabinti zako watazeekea humo ndani. Nikuletee mkwe?” Utani huo ndio uliokuja kukunyonga.

Majike walianza kuvimba matumbo kabla baba hajawapa dume yeyote, kisha wakazaa. Bwana Ottmar wa chamani, ambaye Mungu hakumpa breki ya mdomo, akacheka kwamba mabikira wamejifungua, sasa watafutwe mamajusi. Baba hakucheka. Miezi mitatu baadaye, vile vidume vichanga vilipoanza kutoa wekundu mkiani, alipanda ngazi na bilauri ya maji ameishika kwa mikono miwili, akaiweka kando ya sahani yako. Samaki mmoja mdogo alikuwa anazunguka ndani, mweusi, mkia mwekundu. Alikuuliza mara moja, ukajibu mara moja kwamba si wewe. Akasema, “Mkwe umeniletea, sivyo? Toka kwangu.”

Ulinitazama. Labda ulidhani nitakutetea, kama ilivyokuwa kawaida yangu kukutetea tangu utoto. Nilikuwa nakata keki ya kahawa ya saa tisa, nikaendelea kukata. Vipande sita, na mezani tulikuwa watatu.

Ulipoondoka alijaribu kuuokoa uzao. Aliwapa wale majike dume wake bora mweusi, lakini mbegu ya kwanza ilikuwa bado imo, na kila uzazi ulileta wekundu kidogo. Wenzake wa chamani walimshauri awamwage wote machotara hao, anunue jozi safi aanze upya. Aliwafukuza nyumbani. Hakumwaga hata mmoja, Falk, na hakuwapeleka tena kwenye maonyesho. Miaka kumi na moja amewafuga, wanazaliana wao kwa wao, na kila asubuhi nilimsikia akiteremka ngazi akisema, “Haya, nikawalishe hawa wa Falk.” Ndilo jina walilokuwa nalo. Jina lako hakulitaja kwa jambo lingine lolote.

Sasa nalisema. Dume nilimtia mimi.

Ilikuwa Jumapili ya Pasaka mwaka ule, baada ya Jörg kuniacha na mimi kurudi nyumbani na masanduku yangu mawili. Bwana Ottmar na mkewe walikuwa wamealikwa chakula. Mkewe akaniuliza, kwa wema tu, kama nimerudi moja kwa moja. Kabla sijajibu baba akaingilia, mdomo una tonge la viazi, “Jike akishalala nje, harudi bwenini.” Wakacheka wote. Wewe peke yako hukucheka, na hilo nalikumbuka kuliko kicheko chenyewe. Nilijiona uchi mbele za watu. Walipotoka kwenda kutembea, nawe ukaenda nao, niliingia chumbani kwako, nikamchota dume mwekundu kwa kikombe cha chai, nikateremka naye, nikammimina kati ya wale kumi na wawili. Nilitaka baba akirudi amkute, aone mabinti zake nao wamelala nje.

Hasira ilinitoka baada ya dakika ishirini hivi. Nilimnasa kwa wavu, nikamrudisha sokoni kwako. Nikajiambia dakika ishirini ni kitu gani. Mimi niliyekulia katika nyumba ile, binti wa Lothar, nikajiambia hivyo!

Utauliza kwa nini sikusema pale mezani. Niliogopa. Nilikuwa nimeshatoka kwenye nyumba moja na masanduku mawili, sikuwa na pa kwenda na la tatu. Nikasema nitamwambia wiki ijayo, akipoa. Mwaka ukapita, na uwongo ukishakaa mwaka, kuutoa kunataka moyo ambao sikuwa nao. Nimekuibia baba, Falk, na baba nimemwibia mwanawe, nami nikabaki naye pale, namkatia keki.

Nilimwambia Jumapili iliyopita. Daktari alikuwa ameniita pembeni asubuhi akanieleza kwamba siku zimebaki chache. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema yote. Nilitamani anipige. Akasema, “Nipe simu.” Nikataka kumbonyezea namba, akaniondoa mkono. Alikuwa ameandika namba yako kwenye kikaratasi ndani ya kasha la miwani, sijui tangu lini wala aliipata kwa nani.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana. Ukiangalia simu yako utaona namba ya Plauen usiyoijua, ni ya hospitali. Hukupokea, na ungepokeaje. Ikajibu ile sauti yako ya kurekodi, “Falk hapa,” na masikio ya baba unayajua, hakungoja zaidi. Aliongea juu ya sauti yako. Nayaandika kama alivyoyasema, sijaongeza neno:

“Falk, ni baba. Usinikatie. Nimeambiwa leo kwamba siye wewe. Nilikuonea, mimi mtu mzima na mvi zangu. Njoo nyumbani. Kama ni kunitukana, njoo unitukane, lakini njoo.”

Hapo ukalia ule mlio wa kuanza kurekodi, yeye akadhani umekata. Akakata simu, akaiweka kifuani. Akasema, “Kanikatia. Ana haki.”

Nilimwambia ile ni mashine, baba, si Falk, Falk hajasikia hata neno moja, tupige tena. Nilimwapia kwa kaburi la mama. Akanitazama bila ukali wowote, akasema, “Miaka kumi na moja umenidanganya, Ines. Leo unataka kunidanganya unifariji.” Akageukia ukutani.

Nilipofika nyumbani nilichukua simu nikupigie mwenyewe. Lakini ningekwambia baba anakutafuta, ungeniuliza kumetokea nini, nami sikuwa na nguvu ya kukiri mara mbili siku moja. Nikasema kesho. Saa kumi na mbili unusu asubuhi hospitali wakanipigia.

Basi hayo maneno ni yako, nimekufikishia. Amekufa akiamini umeyasikia ukanyamaza, na kosa hilo ni langu lote, wewe huna hata chembe. Tunazika majivu yake Ijumaa ijayo saa tano asubuhi, kando ya mama. Alikuita, Falk. Njoo. Kama huwezi kuniona machoni, niandikie neno moja tu, nami nitabaki nyumbani siku hiyo, umzike baba yako bila mimi.

Nisalimie Wiebke, mshukuru kwa upole wake kwenye simu. Wabusu watoto, usiwaambie kwamba ni mimi niliyewatumia busu hadi utakapoamua mwenyewe. Sikuombi msamaha kwenye karatasi.

Dada yako,
Ines