Kifuniko Moja, Beseni Muzima

Mama Furaha,

Ni mi, bwana yako. Usishangae. Kuandika sijue sana, niliachaka masomo mwaka ya tatu, mikono yangu inajua mifuko, kalamu inaiogopa. Naandika Swahili yetu ile ya Goma, yenye tulipendana nayo. Iko neno imenikwama kwa koo na hakuna mutu wa kuambia mbele yako. Donc sikia.

Sungura zako zilikufa. Tano. Ni mi niliziua.

Bon. Nimeandika. Sasa nikuelezee.

Tangu tukuzike imeisha miezi tano. Niko nabeba vile vile kwa bandari ya Rubona, mifuko na makreti, mugongo inauma upande ya kushoto, pale ulikuwaka unanipaka mafuta. Furaha amekuwa murefu. Kitenge yako ya njano inamufika sasa. Akisimama kwa mulango na ile kitenge, mi naangaliaka chini. Milimani bado iko masasi ya bunduki. Siku zingine inatulia. Siku zingine tunasikia upande ya Nyakiriba, watu wanafunga milango na jua bado iko juu.

Unakumbuka uliniachia Bihogo na mimba. Watu walikuwaka wanakucheka, mutu gani anapatia sungura jina ya ngombe? We unawajibu: "Mwenye hana ngombe, huyu njo ngombe yake." Na unajua vile tulimupata. Tulirudi hapa toka Goma mikono mutupu, na Mama Neema, jirani, mwenye alirudi toka Tanzania, akakugabira, akakupa bure ile sungura sawa vile wazee wanagabiraka ngombe. We ukasimama mbele ya watu wote, ukasema: mutoto muke wa kwanza nitakwitura, atarudi kwako. Haikuwa neno ya kucheza. Mutu mwenye aligabirwa na hakwitura, hata mbwa inamupita heshima. Ulikufa mbele uitimize. Ikabaki kwangu.

Bihogo alizaa saba, wiki mbili kisha kukuzika. Saba! Wekundu, wadogo sawa kidole. Furaha alilia, akasema, "Mama angewahesabu mara kumi."

Kisha ikaja mvua. Wakati wale wadogo walianza kula, tumbo zikavimba, mavi ikawa maji. Nikakumbuka dawa yako. Nikashusha ile mukebe ya maziwa ya unga yenye ulifichaka chini ya paa ya jikoni. Ndani iko unga ya majani yako, umubirizi na umuravumba, na kitunguu saumu yenye ulikausha pamoja. Harufu ikanipiga, nikafikiri uko nyuma yangu. Na juu ya unga iko kifuniko ya chupa ya bia. Ile unapimiaka.

Kifuniko niliona. Lakini kifuniko moja kwa nani? Kwa sungura moja? Kwa wote? Miaka yote ulipima mbele ya macho yangu na sikuangalia hata siku moja. Niliona bibi anacheza na majani. Sungura wa watu wengine wanaharisha, wa kwako wanakula, wanalala, ngozi inangaa, sikujiuliza juu ya nini. Nilikuambiaka, "We unalisha ama unaroga?" Tunacheka. Ile mucheko leo inaniuma meno.

Nikafikiri sawa karaningufu, mubeba mizigo. Muzigo ikiwa nzito, ongeza watu. Ugonjwa ikiwa kali, ongeza dawa.

Nikachanganya na pumba. Kifuniko moja kwa kila moja. Wenye walikuwa wagonjwa sana, mbili. Mwenye alikataa nilimufungua kinywa na kidole. Asubui yake tatu walikuwa wamenyooka sawa vijiti. Kesho yake, mbili tena.

Furaha akaniuliza, "Papa, uliwapa nini?"

Hapa, Mama Furaha, hapa njo pabaya.

Nikamujibu: ni we. Ni we uliwapa majani yenye umande. Nikapaza sauti mupaka majirani wakatoka nje. Na nilijua kama namusingizia. We ulimufundisha kukata majani, kuyaacha yalale nusu siku mbele ya kuyapeleka kwa nyumba ya sungura. Hajasahau hata siku moja. Aliniangalia tu. Toka siku ile akawa ananiletea chakula, anaweka chini, anaenda. 

Nilitupa zile tano nyuma ya nyumba. Nilipaswa kuzifukia. Wamama wa robine, pale tunachotaka maji, wakaziona, wakaanza kujumlisha: bibi alikufa, sasa sungura. Kwa ule baba iko sumu.

Sumu! Unajua hii inchi yetu na ile neno. Wenzangu wa bandari, tunakunywaka kwa chupa moja, nikimupa mwenzangu anasema, "Aksanti muzee, leo tumbo haiko sawa." Wiki muzima tumbo yake haiko sawa. Mutu mwingine hapo chini akatania, "Kaa mbali, huyu anaua na wenye masikio mirefu." Wakacheka. Nikabeba mufuko yangu, nikaenda.

Na Mama Neema. Nilikutana naye kwa njia, akaongea ile Swahili yake safi: "Baba Furaha, ile habari ya sungura tuiache tu. Usijisumbue." Akapita. Unasikia? Anakataa kwiturwa. Ni kusema hataki kitu yenye inatoka kwetu. Ni kusema anaamini kama nilikuua.

Sikulala vizuri toka pale.

Wadogo wawili walibaki, muume moja na muke moja, ule muke wa rangi ya udongo. Na yeye tumbo ikaanza kupanda. Akikufa huyu, nitamwitura Mama Neema na nini? Nitafungua kinywa gani? Na mukebe ilikuwa tupu. Dawa yako yote niliimaliza kwa kuua.

Miti yako iko Nyakiriba, nyuma ya nyumba ya mama yako. Ile nyumba iko tupu sasa. Hakuna mutu anapandaka kule peke yake. Nilingoja siku yenye askari waliruhusu watu kwenda kuchimba viazi, nikaenda na wamama sita, mukebe tupu na ile kifuniko ndani ya mufuko.  Njiani kila mutu anasikiliza masasi. Kwa shamba ya mama yako majani ilikuwa imefika kiuno. Umubirizi nilimujua mara moja, ule ulininyweshaka wakati ya minyoo, nikatema, ukaniambia, "Meza, bwana. Kufa njo uchungu kuliko." Umuravumba nilimujua na harufu. Nilikata mbio mbio, nikajaza mufuko. Masasi mbili zikalia mbali. Wamama wakalala chini kati ya viazi, na mi pia, pua kwa udongo, mufuko yako kwa kifua. Nilifikiri: nikifa hapa, Furaha atabaki na ile uongo yangu juu ya kichwa yake. Ile njo iliniogopesha kupita masasi.

Tukashuka. Kwa bariyeri, askari moja kijana, Swahili ya Uganda, akaweka mukono kwa mufuko.

"Wewe muzee. Nini hii?"

"Dawa ya sungura."

Akacheka. Kisha hakucheka tena. Alitoa majani, akanusa, akatoa na ile mukebe tupu. Akaangalia kifuniko. "Dawa ya sungura, ama ya watu?"

Wamama wote wakageuza shingo. Mama Furaha, na wao walikuwa wa robine. Walikuwa wanangoja jibu yangu kuliko ule askari.

"Ya sungura."

"Tafuna."

Nikatafuna. Yeye mwenyewe ananipa, jani moja, jani ya pili. Uchungu ikapanda mupaka kwa masikio. Machozi ikatoka. Alingoja aone kama nitaanguka. Na mi nilingoja pia. Bunduki yake ilikuwa inaangalia viatu yangu.

Akasema, "Kweli wewe ni sungura. Pita."

Wamama walicheka mupaka wakakaa chini. Mi pia nilicheka.

Nilifika nyumbani, Furaha iko kwa mulango, kitenge ya njano. Safari hii sikuangalia chini. Nikaweka mufuko. Nikasema, "Haikuwa umande. Ni mi. Niliwapa dawa mingi na nikakusingizia." Kisha nikasema ile yenye ilikuwa nguvu zaidi: "Sijue kupima."

 Furaha akatoa kifuniko kwa mukono yangu.

"Kifuniko moja, beseni muzima. Mama anapanguza juu na kidole gumba, isipande. Akiisha kuwapa leo, siku mbili hapana. Anasemaka dawa haishibishake."

Alijua. Siku zote alijua! Ilikuwa ndani ya nyumba yangu, inanipikia, na mi nilipanda Nyakiriba kati ya masasi kutafuta. Nikamwuliza, juu ya nini hukusema?

"Hukuniuliza, Papa."

Yewe. Niache nipumzishe kidogo kalamu.

Tulianika majani chini ya kivuli, si kwa jua, Furaha alikataa jua. "Jua inakula nguvu yake," akasema, na ilikuwa sauti yako kabisa. Wakati majani inakauka alimupa ule mudogo majani makavu tu na maji yenye ilipoa kisha kuchemuka. Kila asubui naenda kumugusa tumbo mbele ya kwenda bandari. Naenda na moyo kwa mukono. Kisha tukasaga, Furaha akapima, akapanguza na kidole. Tumbo ikashuka polepole. Leo ule mudogo akikaa kwa mapaja unasikia muzigo. Manyoya inangaa sawa ilipakwa mafuta. Bihogo pia anapata, amezaa tena, wadogo wananyonya mupaka wanalewa.

Siku ya mungu yenye imepita, kisha kanisa, nikamubeba ule muke nikaenda kwa Mama Neema. Furaha nyuma yangu na beseni ya pumba na mukebe. Nilichagua ile saa juu watu walikuwa wamejaa kwa kiwanja yake. Wamama wa robine. Mwenzangu wa chupa pia.

Mama Neema hakusimama. "Baba Furaha, nilikuambia tuiache."

 Nikaweka sungura chini. Furaha akachanganya ndani ya beseni mbele ya macho ya wote. Kisha nikafanya ile yenye tunafanyaka na bia ya mugeni: nikasogongera. Mwenye nyumba anaonja wa kwanza, mugeni aone kama hakuna kitu ndani. Nikachota pumba na ile dawa, nikakula. Mbele ya sungura, mbele ya watu. Pumba ikanikauka kwa kinywa. Nikameza.

Nikasema, "Mama Neema, bibi yangu alikufa na kifua, we ulimuona anakohoa. Sungura tano zilikufa na mukono yangu, nilizidisha dawa. Huyu mutoto hana kosa, nilimusingizia na mulisikia wote vile nilipiga kelele. Sasa musikie na hii. Sumu haiko kwangu. Iko ujinga."

Hakuna mutu alisogea. Kuku tu. Sijawahi kusimama na muzigo nzito sawa ile, na mikono yangu ilikuwa tupu.

Mama Neema aliniangalia. Akamwangalia Furaha na kitenge yako. Kisha akasema, "Kiswahili chako kimevunjika mguu, Baba Furaha. Lakini kimefika."

Akainuka. Akaweka kidole ndani ya beseni, akalamba. Akatema mupaka kwa ukuta. "Mama yangu weee! Na hawa wanyama wanakula haya kwa hiari yao?"

Watu wakapasuka na mucheko. Mwenzangu wa chupa akasema, "Basi na mi nilete tumbo yangu." Mama Neema akamugeuza sungura, akaangalia chini ya mukia, juu ule mama haamini bure. "Jike kweli. Jina lake?"

Sikuwa nimemupa jina. Furaha akajibu, "Gaju." Jina ya ngombe.

"Na kipimo cha dawa?"

Mi nikafungua kinywa. Nikafunga. Nikamwangalia Furaha, na yeye akaeleza, beseni muzima, kidole gumba, siku mbili hapana. Wamama wote walikuwa wanasikiliza sawa kwa shule.

Umekwitura, Mama Furaha. Deni ya kinywa yako iko imeisha.

Mwenzangu alikunywa kwa chupa yangu kesho yake. Alipanguza mudomo ya chupa kidogo, nilimuona. Itaisha.

Sasa nakuacha. Karatasi inaisha na Furaha anataka taa. Hii barua nitaikunja niiweke chini ya mukebe, pale mukono yako ilikuwaka inafika. Kitu nakuahidi ni moja, na naiahidi na kinywa yenye ilitafuna: mbele ya kushika kitu yenye ulishikaka, nitamwuliza mutoto yako. Hata nikiwa nafikiri najua.

Lala muzuri, mama. Mugongo yangu isikusumbue.

Kesho ni siku ya dawa. Furaha atapima. Mi nitaangalia.

Bwana yako,
Baba Furaha