Damejani za Shemeji

Uvira, Songo, 7 Februari 1960

Kwa shemeji yangu Thaddée,

Salamu nyingi sana. Uko je, na dada yangu Célestine iko je na ile mimba ya miezi saba? Wanafunzi wa Makobola wanakuachia nafasi ya kupumua? Siye tuko wazima. Mama ni goti tu linamusumbua, lakini mdomo wake iko na nguvu kama zamani.

Shemeji, najua habari itakufikia, afazali uisikie kwangu. Jana komite ya timu yetu ya mpira walikuja pale kazini, magazini, ghala la pamba, wakasema wachezaji wote wapimwe. Kwa mizani ileile ya pamba! Minye karani wa mizani, napima gunia za watu kila siku, nikaning'inia pale na wakulima wakiangalia. Kilo themanini na ine. Protais, prezida wetu, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema: "Firmin, hizi ni kilo za kasiksi. Punguza kumi mbele ya Pasaka, la sivyo jezi nambari kumi na moja tunamupa shemeji yako."

Weye, Thaddée! Muntu niliyemufundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto!

Wivu sina, Mungu ananiona. Na ili ujue nafurahi, Rémy, dereva wa kamyo, anakuletea damejani ya lita kumi ya kasiksi yangu. Unajua siuzishi. Hii pombe ya ndizi kwangu ni raha ya mikono tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Ndizi zimelala shimoni siku ine, mtama nimeukaanga minye mwenyewe. Kunywa yote, usigawe. Kikombe kimoja asubuhi, viwili ukitoka darasani, vitatu ukishakula. Inatia miguu nguvu.

Shemeji yako,
Firmin


Makobola, 2 Machi 1960

Kwa shemeji Firmin,

Nakusalimu, na nyumba yote inakusalimu. Célestine miguu imemvimba, anasema ni kawaida ya miezi hii. Goti la mama mkande kwa mafuta ya mawese yenye moto, asikudanganye kwamba limepona.

Damejani ilifika bila kumwagika, ajabu kwa barabara hii ya Fizi. Shemeji, unajua kutengeneza! Utamu unatangulia, ukali unafuata nyuma. Siku tano ilikuwa imekwisha. Ila umevunja desturi. Mleta pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya anayepewa, ijulikane haina sumu, nawe umetuma tu na dereva. Jirani yangu Damien alinikodolea macho nilipoinua kikombe, kama anaaga maiti. Siku nyingine uje nayo mwenyewe, uonje.

Kuhusu nambari, usinione vibaya. Sikuiomba. Kama unaitaka, njia iko: kila asubuhi kimbia toka Songo mpaka daraja la Mulongwe na kurudi, na Jumapili ukitengeneza pombe, acha kuonja-onja. Fundi wa pombe si lazima awe mnywaji.

Shemeji yako,
Thaddée


Uvira, Songo, 1 Mei 1960

Kwa shemeji Thaddée,

Salamu kwako, kwa dada, na kwa Spès mdogo, Mungu amukuze. Wamesema amechukua pua yako. Pole kwake.

Nimekimbia, shemeji. Wiki tatu nzima! Watoto wa Mulongwe walikuwa wananifuata wakiimba "kiboko, kiboko, rudi mtoni!" Nikaangusha kilo tatu. Halafu nikakuletea damejani mara mbili, na desturi yako hiyo ya kuonja! Nikionja kimoja unasema sijaonja bado. Nikionja cha tatu unasema cha nne ni cha heshima ya mzazi. Nikarudi nyumbani na kilo ine. Weye uliyekunywa kuliko minye, mizani ya Pasaka ikasema sabini na moja. Sabini na moja! Zinaenda wapi? Uko na minyoo?

Basi, nambari umepata, vaa.

Lakini mama, Thaddée. Mama alikuja kwako mwezi mmoja, kulea mzazi. Sasa ananitumia neno kwa Rémy kwamba atakaa, kwa sababu kwako iko kicheko. Kwangu iko nini, matanga? Sina bibi, sina mtoto, nilikuwa na mama na mguu wa kushoto. Vyote viwili viko Makobola. Niko na wivu, basi, nimesema! Unaniunguza hapa chini ya mbavu, mahali hata kasiksi haifiki.

Shemeji yako,
Firmin


Makobola, 10 Julai 1960

Kwa shemeji Firmin,

Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu barua mbili hujajibu.

Siku ya uhuru tulicheza pale Uvira, tukatoka mbili kwa mbili. Nilikutafuta kwa macho mpaka Protais akanipigia kelele kwamba mpira uko chini, si kwa watu. Mama alikuja na kamyo ya Rémy, na goti lake, akakaa karibu na mstari. Aliweka mfuko wake kwenye kiti cha pembeni, kila anayetaka kukaa anamwambia ni cha mwanangu Firmin. Mpaka mwisho kilikuwa na mfuko tu.

Njoo Jumapili. Bila damejani, ukipenda.

Shemeji yako,
Thaddée


Uvira, 17 Julai 1960

Bwana Mwalimu,

Barua nimeipata. Uhuru ni wa watu wote, na minye nimejipa wangu. Mama akiuliza, mwambie niko na kazi. Songo usije.

Firmin


Uvira, Songo, 29 Aprili 1964

Kwa shemeji yangu Thaddée,

Ni miaka ine. Afya siulizi kwa desturi, nauliza kweli: muko wazima?

Vita imeshuka katika uwanda wa Ruzizi. Huku watu wanafunga mizigo, kila muntu anasema lake, lakini risasi tumezisikia kwa masikio yetu. Rémy anasema kesho ndiyo safari yake ya mwisho kwa barabara ya Fizi. Ningepanda minye mwenyewe, lakini kwenye kizuizi askari wanarudisha kila mwanaume, na wengine hawarudishi, wanafunga. Toa mama, Célestine na mtoto. Vuka ziwa. Usingojee shule ifungwe.

Na neno lingine, maana muntu anaweza kufa na uchafu ndani yake. Zile damejani hazikuwa zawadi. Nilitaka unenepe. Nilikuwa natia mtama mwingi makusudi, nilitaka tumbo lako lishuke mpaka kwa magoti, Protais akucheke kama alivyonicheka. Sasa usingizi hauji. Nafikiri: kama dawa yangu ilishika, kama Thaddée amekuwa muzito, wale wenye bunduki wakifika hataweza kukimbia, na mama yangu iko nyumbani mwake. Mungu wangu, nilifanya nini?

Kimbia, shemeji. Kama umenenepa, kimbia hivyohivyo.

Shemeji yako, ukikubali bado kuitwa hivyo,
Firmin


Karibu na Rumonge, Burundi, 20 Juni 1964

Kwa shemeji yangu Firmin,

Sijui kama barua hii itakukuta. Nampa mvuvi mmoja anayethubutu kuvuka. Célestine mzima, Spès mzima, mimi mzima. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama ametuacha tarehe tisa ya mwezi huu. Homa iliyomshika njiani ilishuka mapafuni, wauguzi wakashindwa. Tumemzika hapa, mahali pakavu, na sala zilisomwa zote. Pole, Firmin. Pole sana, ndugu yangu.

Barua yako ilitukuta. Usijitese kwa damejani. Nilijua tangu ile ya kwanza. Célestine alisoma yale maneno yako ya kikombe kimoja asubuhi, akacheka mpaka nikaogopa atajifungua palepale. Akasema: "Kaka yangu hajawahi kumpa mtu kitu anachokipenda. Huyu anataka unenepe." Lakini pombe ilikuwa tamu, nami si malaika. Ndipo nikaanza kupanda kilima cha nyuma ya shule kila asubuhi, ili ninywe yako yote na suruali bado ifunge. Ulipoacha kutuma, miguu ilikwisha zoea. Nimekipanda miaka minne, mvua na jua.

Siku ya risasi barabara haikupitika, na mitumbwi ya Makobola ilikwisha chukuliwa. Goti la mama lilikataa kabisa. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, Célestine akambeba Spès, tukapita juu kwa juu mpaka tukateremka kwa wavuvi wa kusini. Tulitoka asubuhi, tukafika alasiri. Sikumweka chini ila mara mbili.

Homa ilikuwa imempanda. Njia nzima alinisemesha sikioni. "Firmin, polepole. Firmin, umechoka, niache nitembee. Nilijua utakuja kunichukua, niliwaambia." Nilitaka kumwambia, mama, ni Thaddée. Célestine akanitikisia kichwa, nisiseme. Nikaitika. Kila alipoita Firmin, niliitika, naam mama, mpaka majini.

Miaka minne alikula nyumbani mwangu, alinicheka, alinitania, alimlea mwanangu. Nikadhani ipo siku ataniita mwanangu. Aliniita Mwalimu mpaka mwisho. Shemeji, pale kilimani, jasho likiniingia machoni na jina lako likiwa sikioni mwangu, nilikuonea wivu mpaka nikalia.

Shemeji yako,
Thaddée